Rangi ya Choo na Maana Yake kwa Afya ya Tumbo

Watu wengi huona haya kuzungumza habari za choo, hata mbele ya daktari. Mgonjwa akiulizwa anaumwa nini, hutaja tumbo, hutaja kichwa, hutaja homa. Lakini akiulizwa choo chake kina rangi gani, hutazama chini na kujibu kwamba ni cha kawaida tu, na kumbe hajakitazama tangu mwaka jana. Haya hiyo ni ya adabu, wala si vibaya mtu kuwa nayo barazani au mezani. Katika chumba cha daktari huweza kumpotezea mtu maisha yake, kwa kuwa yako magonjwa ambayo dalili yake ya kwanza ni kubadilika kwa rangi ya choo, na mengine yote huja baadaye.

Ugumu mwingine ni wa vyoo vyenyewe. Shambani watu wengi hutumia choo cha shimo, na ndani yake ni giza. Kinachoanguka hakionekani tena. Kwa hiyo mtu aweza kutokwa na damu tumboni kwa muda wa juma zima asijue. Mwenye choo cha maji mjini ana nafasi iliyo bora zaidi, lakini naye mara nyingi huondoa kila kitu kwa maji kabla hajageuka kutazama. Yafaa basi mtu awe na desturi ya kuangalia karatasi aliyojifutia, na mama aangalie nepi au poti ya mtoto wake kabla ya kuimwaga. Jambo hili halichukui hata dakika moja.

RANGI YA KAHAWIA HUTOKA WAPI?

Choo cha mtu mzima mwenye afya huwa cha rangi ya kahawia, pengine iliyokolea, pengine iliyofifia. Wengi hudhani kwamba rangi hiyo hutokana na chakula, lakini sivyo. Mtu aweza kula ugali mweupe na samaki, akanywa na maziwa juu yake, na kesho yake choo chake kikawa cha kahawia vile vile. Kwa hakika rangi hiyo asili yake ni damu.

Damu ya binadamu ina chembe nyekundu ambazo kila moja huishi kwa muda wa siku 120 hivi. Chembe ikichakaa huvunjwa mwilini, na katika masalio yake hupatikana kitu cha rangi ya manjano kinachoitwa bilirubini. Ini hukichukua kitu hiki na kukichanganya katika nyongo. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku, na nyongo hiyo hupita katika mfereji mwembamba mpaka kwenye utumbo mdogo, ambako kazi yake ni kusaidia kuyeyusha mafuta yaliyomo katika chakula. Ikifika katika utumbo mpana, vijidudu visivyodhuru vinavyoishi humo huibadilisha rangi yake ikawa kahawia.

Mwenye kuifahamu safari hiyo, kutoka damu hadi ini, kutoka ini hadi mfereji, na kutoka mfereji hadi utumboni, hatapata shida kuyaelewa yanayofuata. Mfereji ukiziba, rangi haifiki. Chakula kikipita mbio, rangi haipati muda wa kugeuka. Na damu ikivuja mahali popote katika njia ya chakula, itaonekana kwa rangi yake yenyewe au kwa rangi nyingine, kwa kadiri ya umbali iliyosafiri.

CHOO CHEUSI

Rangi inayopasa kuogopwa kuliko zote ni nyeusi, lakini si kila weusi. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki ataona choo chake kimekuwa cheusi au cha kijani kilichokolea sana. Hiyo ni kazi ya madini ya chuma yaliyo ndani ya vidonge hivyo, wala hapana madhara yoyote. Ni jambo la kusikitisha kwamba wako akina mama wanaoogopa weusi huo na kuvitupa vidonge shimoni, kisha wakafika siku ya kujifungua wakiwa na upungufu mkubwa wa damu. Hali kadhalika mtu aliyekula mutura, au aliyekunywa damu ya ng'ombe kama ilivyo desturi ya Wamasai na jamaa zao wafugaji, aweza kupata choo cheusi kwa siku moja au mbili. Makaa yanayotumiwa kama dawa ya tumbo hufanya vivyo hivyo.

Weusi wa hatari una alama zake. Choo huwa cheusi cha kung'aa, hunata kama lami inayomwagwa barabarani, nacho hutoa harufu mbaya mno ambayo si harufu ya kawaida ya choo. Waliowahi kuinusa hawaisahau. Hiyo ni damu iliyovuja katika umio, au katika mfuko wa chakula, au mwanzoni mwa utumbo mdogo, kisha ikapikwa na asidi na vijidudu katika safari yake ndefu hata ikawa nyeusi. Haihitajiwi damu nyingi: mililita 50 hadi 100, yaani kama ujazo wa kikombe kimoja au viwili vya kahawa ya Pwani, zatosha kukifanya choo kiwe hivyo. Anayekwenda choo cha namna hii mara tatu au nne kwa siku amekwisha kupoteza damu nyingi zaidi ya hiyo.

Sababu iliyo ya kawaida ni vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba vidonda hivi huletwa na pilipili na mawazo mengi, na wengi wangali wanaamini hivyo. Mwaka 1982 waganga wawili wa mji wa Perth katika Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba katika matumbo ya wagonjwa wengi wa vidonda mna kijidudu kilichojikunja mfano wa parafujo. Wenzao hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikoroga vijidudu hivyo katika kikombe akavinywa, na baada ya siku chache akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na tumbo lake lilipochunguzwa likaonekana limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Faida ya jambo hilo kwa mtu wa kawaida ni hii, kwamba vidonda vya tumbo vinavyoletwa na kijidudu hicho huponywa kwa dawa zinazomezwa kwa muda wa majuma mawili hivi, wala mgonjwa hana haja ya kunywa maziwa na kuvumilia mpaka kufa kwake.

Sababu ya pili ni dawa za kutuliza maumivu, nazo zinapatikana katika kila duka. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni dawa nzuri zikitumiwa kwa kiasi. Lakini mzee mwenye maumivu ya magoti anayezimeza kila siku, na pengine bila chakula, hukwaruza utando wa tumbo lake mpaka linatoka damu. Jambo baya zaidi ni kwamba dawa hizo huficha maumivu ya kidonda kile kile zinachokichimba. Ndiyo sababu wazee wengine hawasikii lolote mpaka siku wanapoanguka njiani kwa kizunguzungu.

Tena yako magonjwa ya ini. Watu wanaokaa kando ya Ziwa Victoria, na katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na katika sehemu za Machakos, wanakijua kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo ya kichocho hukwama katika ini kwa miaka mingi na kulifanya liwe gumu. Damu ikikosa njia ndani ya ini hutafuta njia nyingine, na mishipa ya umio huvimba kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo kupita kiasi. Mshipa mmoja ukipasuka, mtu hutapika damu, na baadaye choo chake huwa cheusi. Pombe ya miaka mingi na homa ya ini ya namna ya B huweza kuleta hali iyo hiyo.

Mtu aliyeona choo cha namna ya lami asingoje kesho. Apelekwe siku hiyo hiyo katika hospitali yenye akiba ya damu, asipewe dawa yoyote ya maumivu, na asiende peke yake kwa miguu. Tena ni vema jamaa wawili watatu wenye afya wafuatane naye, maana huenda akahitaji kuongezewa damu, na damu haitengenezwi kiwandani.

Upo upotevu mwingine wa damu ambao haubadili rangi ya choo hata kidogo, nao ni ule wa safura. Mnyoo mmoja wa safura hunyonya tone dogo mno la damu kwa siku, lakini mtu mwenye minyoo mia kadhaa hupoteza damu usiku na mchana, na choo chake ni cha kahawia siku zote. Huyo hutambulika kwa weupe wa viganja na wa ndani ya kope, kwa kuchoka akipanda kilima ambacho zamani alikipanda akiimba, na mara nyingi kwa hamu ya kula udongo. Choo chake yafaa kitazamwe kwa darubini, kwa kuwa jicho tupu halitaona kitu.

CHOO CHENYE WEKUNDU

Damu nyekundu ya wazi kwa kawaida hutoka karibu na mwisho wa safari. Kabla ya kuogopa, mtu na akumbuke alichokula jana; bitiruti hutia wekundu katika choo na pengine katika mkojo pia. Ikiwa hakula kitu cha namna hiyo, basi ni damu.

Damu iliyochanganyika na makamasi, pamoja na msokoto wa tumbo na haja ya kwenda chooni kila saa bila kutoa kitu cha maana, ni ugonjwa wa kuhara damu. Ugonjwa huu ni wa namna mbili. Namna moja huletwa na bakteria waliogunduliwa mwaka 1897 na Mjapani aitwaye Kiyoshi Shiga, nayo huja kwa ghafula pamoja na homa kali, na huwaua watoto wadogo. Namna ya pili huletwa na amiba, nayo huja polepole, huondoka, hurudi. Dawa ya namna moja haiponyi namna ya pili. Kwa hiyo kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni kutupa fedha.

Kuna hali moja ya watoto wachanga ambayo kila mzazi angefaa kuijua. Mtoto wa miezi michache, aliyekuwa mzima asubuhi, huanza kulia kwa vipindi na kukunja miguu. Akinyamaza hulegea na kuwa mweupe, kisha hulia tena. Hutapika. Baada ya saa kadhaa hutoa choo chekundu kilichochanganyika na makamasi, mfano wa jeli. Utumbo wake umejiingiza ndani ya utumbo wenyewe, kama mkono wa shati uliokunjwa kwa ndani, na sehemu iliyobanwa inakufa. Mtoto huyo si wa kukandwa tumbo wala kupewa dawa ya minyoo. Hospitali yenye mpasuaji huweza kuunyosha utumbo huo, lakini kila saa inayopita hupunguza tumaini.

Kwa watu wazima, damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu mara nyingi ni bawasiri au mpasuko mdogo wa ngozi. Kosa ni kuiita kila damu bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na katika hospitali za Kenya huonekana hata kwa watu ambao hawajatimiza miaka 50. Damu inayoendelea zaidi ya juma mbili, au choo kilichobadilika umbo na nyakati zake, au mwili unaokonda bila sababu, haya yapasa kuchunguzwa na daktari kwa kidole na kwa kamera, hata kama jirani amesema kwamba yeye alipona kwa majani fulani.

CHOO CHEUPE, NA HABARI YA WATOTO WACHANGA

Choo kilichopoteza rangi, kikawa kama chokaa au udongo wa mfinyanzi, huonyesha kwamba nyongo haifiki utumboni. Kwa kawaida mkojo nao huwa na rangi ya chai ya rangi, macho huwa manjano, na ngozi huwasha. Ile rangi iliyokosa njia ya kupitia chooni imerudi katika damu na kutafuta njia kwa figo. Kwa mtu mzima mfereji wa nyongo huweza kuzibwa na mawe ya nyongo, au na uvimbe katika kongosho. Na homa ya ini pia hufifisha rangi ya choo kwa siku kadhaa. Aliyepigwa picha ya eksirei baada ya kunywa dawa nyeupe ya bariamu asishangae akipata choo cheupe siku inayofuata.

Lakini wanaostahili kuangaliwa zaidi ni watoto wachanga. Siku mbili za kwanza mtoto hutoa choo cheusi cha kijani kinachonata, nacho ni masalio ya tumboni mwa mama. Hicho si damu. Kisha hugeuka kijani, na mwisho huwa cha manjano kama haradali kwa mtoto anayenyonya. Watoto wengi pia huwa na manjano machoni katika juma la kwanza, na kwa wengi huondoka yenyewe. Hapo ndipo hatari inapojificha. Mtoto mmoja mmoja, na si wengi, huzaliwa au hupatwa mapema na ugonjwa unaoharibu mifereji yake ya nyongo mpaka inaziba kabisa. Mtoto huyo hunyonya vizuri, huongezeka uzito, hucheka. Na mama huambiwa amwanike juani asubuhi, manjano yataisha. Hayaishi. Choo chake huwa cheupe au cha rangi ya maziwa yaliyochacha, na mkojo wake hutia nepi rangi ya manjano, ambapo mkojo wa mtoto mchanga wapasa kuwa kama maji.

Katika miaka ya 1950 mpasuaji wa Kijapani, Morio Kasai, alibuni njia ya kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini ili nyongo ipate kutoka. Upasuaji huo hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Ukichelewa, ini limekwisha kuwa gumu. Kwa sababu hiyo katika Taiwan, tangu mwaka 2004, kila mama hupewa kadi yenye picha za rangi za choo, naye hulinganisha nepi ya mtoto wake na kadi hiyo. Japani nayo imetia kadi kama hiyo katika kitabu cha mama na mtoto tangu mwaka 2012. Kadi ni kipande cha karatasi tu, na anayepima si daktari bali ni mama mwenyewe, mchana, mlangoni mwa nyumba yake. Mama asiye na kadi aweza kukumbuka maneno haya: mtoto ambaye macho yake yangali manjano baada ya siku 14, tena choo chake ni cheupe, apelekwe kwa daktari wa watoto bila kungoja tarehe ya chanjo.

RANGI NYINGINE

Kijani mara nyingi ni sukuma wiki, mchicha au managu, au ni kuhara kwa mbio ambako nyongo haikupata muda wa kugeuka kahawia. Kwa mtoto anayenyonya na kukua vizuri si kitu. Choo cha manjano chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, huonyesha kwamba mafuta ya chakula hayakuyeyushwa. Kikidumu kwa juma nyingi, yafaa kupimwa, maana huenda ni kijidudu cha jiadia, au kongosho haifanyi kazi yake.

Choo cha maji matupu, cheupe mfano wa maji yaliyooshea mchele, ni cha kipindupindu, ugonjwa ulioingia Kenya mwaka 1971 na kurudi mara nyingi tangu hapo. Hapo hakuna wakati wa kutazama rangi kwa utulivu. Mgonjwa huweza kufa kwa kukauka maji katika muda wa saa chache, basi aanze kunyweshwa hapo hapo nyumbani na njiani pia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti za hospitali ni bora zaidi zikiwapo. Akitapika, apumzishwe dakika kumi, kisha apewe tena kidogo kidogo.

KUPELEKA CHOO KUPIMWA

Anayeambiwa alete choo hospitali hana haja ya kujaza kopo. Kiasi cha ncha ya kijiko chatosha. Katika choo cha shimo, atandike karatasi au jani la mgomba, achukue kidogo kwa kijiti safi kabla halijaguswa na mkojo wala udongo, na kama pana sehemu yenye damu au makamasi, achukue hapo hapo. Kopo liwe safi na kavu, lisiwe lililooshwa kwa dawa. Akidhaniwa kuwa na amiba, ni heri atoe choo hospitalini kwenyewe, kwa maana amiba huonekana wakitembea chini ya darubini wakati choo kingali na joto. Baada ya nusu saa hivi hufa, na mtazamaji hataona kitu. Na mama mwenye mtoto wa choo cheupe aje na nepi yenyewe, asiifue kwa kuona haya.